Gitaa Kavu, Gitaa la Umeme na Lile la Katikati

Gitaa lisilotiwa waya wa umeme tunaliita gitaa kavu. Mfasiri hawezi kulipita neno hili bila kusimama. Chai isiyo na kitafunwa ni chai kavu. Wali usio na mchuzi wala mboga ni wali mkavu. Ukavu, kwa Kiswahili, mara nyingi ni kukosa kiandamizi. Basi aliyelipa gitaa jina hilo alikwisha kukata shauri: umeme ndio mchuzi, na gitaa lisilo nao limepungukiwa. Waingereza walipita njia nyingine. Jina lao linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusikia, na kwao gitaa hilo ndilo mwenyeji, la umeme ndilo mgeni. Kwa tarehe, wao ndio wakweli. Lakini jina letu nalo lina ukweli wake, kwa kuwa kizazi kizima cha watu wa bara ya Tanga kililijua gitaa kwanza kwa kulisikia likitoka ndani ya spika, katika ukumbi wa dansi au katika redio.

Liko gitaa la tatu, ambalo bado halijapata jina lililokubalika. Lina sanduku lenye tundu kama gitaa kavu, lakini sanduku lenyewe limebanwa, jembamba. Na ubavuni lina tundu dogo la kuchomekea waya. Katika makala haya nitaliita gitaa jembamba. Ninalo moja la bei nafuu, nililolinunua kwa fedha ambazo huku Korogwe zingetosha mbuzi sita wakubwa, na kwa miaka kadhaa limenisindikiza kusoma mashairi yangu shuleni, makanisani na harusini, Korogwe na Handeni. Nataka kueleza limetoka wapi, na mtu mwenye fedha chache alipime vipi kabla ya kuuza mbuzi wake. Maswali haya mawili hayatengani.

Tuanze na reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi hii, na baada ya hapo bonde la Pangani halikuwa tena lile la zamani. Mashamba yaliuzunguka mji wa Korogwe pande zote: Ngombezi, Magunga, Mnyuzi, Hale. Wakataji wa mkonge, walioitwa manamba kwa sababu waliandikwa kwa namba kabla ya majina, waliletwa kutoka Unyamwezi, Uha, Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha hata chombo maalumu cha kuwaandikisha. Maisha yale yalikuwa magumu na sitayapamba. Lakini mwisho wa mwezi manamba alikuwa na fedha taslimu mkononi, jambo ambalo mkulima wa Handeni, aliyengoja mvua isiyokuja, hakuwa nalo. Penye watu wengi walio mbali na kwao, wenye fedha kidogo na Jumamosi moja, muziki hauna budi kufika.

Ushahidi umo katika jina. Bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, iliyovuma nchi nzima katika miaka ya 1960, ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi. Wanyamwezi hawakufika pwani ya Tanga kwa matembezi. Nyuma ya jina lile iko njia yote ya kutoka Tabora, na mwisho wa njia ile yako mashamba ya mkonge. Kutoka Jamhuri Jazz walitoka ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na wenzake, waliohamia Arusha mwaka 1970, kisha wakavuka mpaka na mwaka uliofuata wakaanzisha Simba Wanyika huko Mombasa. Kwa hiyo gitaa la rithimu lililowachezesha watu wa Nairobi miaka yote ya 1970 na 1980 lina kitovu chake Tanga. Sisi tuliobaki tulilisikia likiturudia kwa redio kama mali ya wageni.

Kabla ya magitaa yale ya umeme, kulikuwa na galatoni. Wazee bado hulitumia neno hili kwa gitaa kavu lolote. Limetokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyosambaza magitaa ya bei ndogo kusini na mashariki mwa Afrika. Wala hayakuishia Afrika. Kijana mmoja wa Liverpool aitwaye John Lennon alikuwa akipiga Gallotone mwezi Julai 1957, siku alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney. Galatoni lilikuwa gitaa la mtu mmoja na barabara yake. Mfano mkubwa kwetu sote ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, mwaka 1952. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na vidole vyake viwili, gumba na cha shahada, vilitosha kuwa besi, rithimu na solo kwa pamoja. Pale hapakuwa na bendi wala umeme, na wala hapakuwa na mwenye vyombo.

Neno hili la mwisho ndilo kiini cha habari yangu. Katika bendi zetu nyingi za dansi mpiga gitaa hakuwa na gitaa. Gitaa lilikuwa la mwenye vyombo: mfanyabiashara au chama mwanzoni, na baada ya Uhuru, taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Bendi ya Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mpango ule sitaudharau. Ulimpa mwanamuziki mshahara na heshima, na nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ile ni hazina ambayo hatujaizidi. Lakini mpigaji akigombana na uongozi, akiugua, au akitaka tu kurudi kwao Mombo kumzika mzazi na kukaa mwaka mmoja, gitaa lilibaki ukumbini. Alirudi kijijini na vidole vyake vitupu. Galatoni lilimfuata mtu. Gitaa la umeme lilimngoja mtu alifuate.

Hili linaeleza, kwa maoni yangu, kwa nini sanaa ya gitaa ilijaa mijini ikakauka vijijini. Mtoto wa Sindeni au wa Kabuku alijua kila solo ya Morogoro Jazz kwa masikio, asipate kuligusa gitaa hata mara moja. Wapo waliotengeneza yao kwa debe, ubao na nyaya za breki za baiskeli, kama walivyofanya watoto wa Afrika ya Mashariki yote. Kisha ikaja ile miaka mibaya. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika. Sabuni na sukari zikawa za foleni, seuze nyuzi za gitaa. Mwaka 1983 serikali iliwaandama walanguzi, na katika bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mlango ule ulipofunguka yalipita mengi, mema na mabaya, na miongoni mwao magitaa ya bei nafuu ya Asia.

Gitaa jembamba lilizaliwa mbali na habari hizi, na lilizaliwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikikandamizwa hutoa chaji ya umeme. Ugunduzi huo ulikaa maabara muda mrefu kabla ya kuwafaa wanamuziki. Mwaka 1966 Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa Connecticut, Marekani, alianzisha kampuni ya magitaa ya Ovation yenye mgongo wa duara uliotengenezwa kwa malighafi za kiwandani badala ya mbao. Na katika miaka iliyofuata mafundi wake walizitia fuwele za aina ile chini ya daraja, mahali nyuzi zinapokandamiza. Uzi ukitetemeka, fuwele hubinywa, umeme mdogo huzaliwa, na amplifaya huukuza. Mwimbaji akaweza kusimama na kutembea jukwaani pasipo maikrofoni mbele ya gitaa lake.

Lakini sanduku kubwa likiwekwa karibu na spika yenye nguvu hupokea sauti ya spika, hutetemeka nayo, huirudisha, na ghafla ukumbi wote husikia ule mvumo unaopanda kama king'ora. Dawa moja ni kulipunguza sanduku. Gitaa kavu la kawaida lina kina cha sentimita 10 hadi 12 na zaidi. Jembamba huwa na 7, 8 au 9. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta magitaa yake ya namna hii, yaitwayo APX, mwaka 1987, na viwanda vingi vya China na Indonesia vikafuata njia hiyo kwa bei iliyozidi kushuka. Wembamba, basi, ulibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye spika kubwa mno. Kwetu ulifika kwa mtu ambaye mara nyingi hana spika kabisa.

Hapa Korogwe jambo hili lina kejeli yake. Kituo cha kufua umeme cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964 ndani ya wilaya hii hii. Jirani yake, Maporomoko ya Pangani, palikuwa na mitambo tangu 1936, na mpya ya megawati 68 tangu 1995. Umeme ulipita juu ya vichwa vya watu kwenda kwingine, na chini ya nyaya zile watu waliwasha vibatari. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na barabara ya Korogwe kwenda Handeni ikatiwa lami katika miaka ya 2010. Nguzo zimefika vijiji vingi sasa. Lakini umeme uliofika si lazima uwe umeme uliopo saa unapouhitaji. Msomaji wa visiwani, aliyepitia giza la Unguja la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililofuata kuanzia Desemba 2009, hahitaji kufafanuliwa.

Niliyajua maumbile ya gitaa langu katika harusi moja ya kijijini, ndani kidogo kutoka Sindeni. Kulikuwa na jenereta, spika mbili na vijana wawili waliojua kazi. Kwa waya, gitaa lilisikika hadi barabarani. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, petroli iliisha. Kimya kile nakikumbuka vizuri: taa zilizimika, na mikononi mwangu gitaa likaendelea kulia, lakini kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Bibi mmoja aliyekuwa mkekani akasema, "Mwanangu, songea huku, nasi tusikie." Nikasogea, na watu wakasogea. Waliokuwa mstari wa tatu walisikia. Waliokuwa chini ya mwembe waliona vidole vikicheza tu. Galatoni la zamani lingeufikia mwembe. Tuliendelea hivyo hadi petroli ilipopatikana, na walioketi karibu walisema walisikia maneno ya shairi vizuri zaidi kuliko kwa spika. Hilo lilikuwa kweli, lakini lilikuwa kweli kwa watu thelathini, na harusi ilikuwa na mia tatu.

Kwa hiyo rai yangu ya kwanza kwa mnunuzi ni hii: lipime kavu. Muuzaji atataka kulichomeka. Mkatalie kwa adabu. Amplifaya ya dukani ni manukato. Humfanya kila anayepita anukie. Kaa kwenye kiti, piga nyuzi zote sita wazi, kisha mpe mtu mwingine apige nawe usimame hatua kumi mbali. Usitegemee besi nene, kwa kuwa sanduku lililobanwa haliwezi kuitoa. Hewa iliyomo ni kidogo na mwitiko wake hupanda juu. Unachotafuta ni uwazi: je, kila uzi unajitambulisha, au zote zinaungana kuwa ukelele mmoja? Langu lina nyuzi za chini zilizo dhaifu na za juu zilizo safi. Nimelikubali hivyo, nami kwa shairi la tarbia naona linafaa, kwa kuwa halizipandi sauti za msomaji.

Mbao za magitaa ya bei hii karibu zote ni plaiwudi. Wajuzi wa Ulaya huidharau, na kweli ubao mzima hulia vizuri zaidi na huendelea kukomaa. Lakini ubao mzima hupasuka. Gitaa linalotoka unyevu wa Tanga, likakaa kiangazi cha Handeni, likarudi masika ya milimani, linahitaji mwili usiojali. Kwa nchi hii, na kwa mtu asiye na fundi wa magitaa jirani, naichagua plaiwudi bila haya.

Shingo ndiyo isiyosamehe. Piga uzi mahali pa chuma cha 12 kwa kuugusa tu pasipo kuukandamiza, upate ile sauti ya kengele. Kisha ukandamize pale pale. Sauti mbili zilingane. Zisipolingana, gitaa halitalandana nafsi yake popote, na hakuna kiasi cha kukaza nyuzi kitakacholiponya. Tazama pia urefu wa nyuzi juu ya chuma hicho: milimita mbili hadi mbili na nusu zinatosha, zikizidi mno, vidole vya mwanafunzi vitatoka damu na mwanafunzi hatarudi. Baada ya hayo, na si kabla, chomeka waya. Piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ile ile usikie kama mmoja umenyamaza, dalili kwamba fuwele hazikandamizwi sawasawa. Sauti ya waya itakuwa na ukali kama wa plastiki. Yote ya bei hii yako hivyo. Na betri: katika magitaa mengi hujiwasha waya unapochomekwa, kwa hiyo anayeuacha waya usiku kucha huamka na gitaa bubu.

Naongeza neno moja juu ya mbao za shingoni, kwa sababu linatugusa. Nyika za Handeni zina mpingo, mti ambao dunia nzima huutafuta kwa klarineti na zumari za thamani, na ambao kwetu wengi huujua kwa vinyago. Mpingo ni ndugu wa ukoo mmoja na ile mizambarau ya kigeni, kama nitakavyoiita kwa kukosa jina bora, iliyokuwa ikitumika kwa shingo za magitaa. Mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini uliuweka ukoo wote chini ya vibali, ala zilizokamilika nazo zikiwamo, na viwanda vya magitaa ya bei nafuu vikakimbilia mbao nyingine. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuziondolea ala hizo masharti mengi. Kwa hiyo gitaa la plaiwudi huja kutoka Asia hadi Handeni likiwa na shingo ya mti hafifu, na kulipita njiani gogo la mpingo linalokwenda Ulaya kuwa klarineti. Sijapata kumwona kijana wa Handeni mwenye klarineti.

Mwaka wa pili, uzi wa tatu wa gitaa langu ulianza kunyamaza kwa waya, ingawa kavu ulisikika. Nililipeleka kwa fundi wa redio hapa Korogwe, mtu ambaye hajawahi kushika gitaa. Alilitazama kitambo, akalegeza nyuzi, akatoa kile kijiti cha plastiki kinachobeba nyuzi darajani, akakiweka juu ya kioo cha meza. Kikayumba, hakikuwa kimenyooka tangu kiwandani. "Mzee, hiki kinakaa juu ya fuwele kama meza ya miguu mitatu," akasema. Akaenda kwa muuza supu wa ng'ambo ya barabara, akarudi na kipande cha mfupa wa ng'ombe, akakichemsha, na kesho yake akakichonga kwa msasa hadi kikakaa juu ya kioo bila mwanga kupita chini yake. Alinitoza shilingi elfu tano, na za mfupa hakuzihesabu. Nyuzi zote sita sasa zinasikika kwa waya, na hata kavu limepata sauti kidogo zaidi. Kijana mmoja wa Ngombezi huliazima kila Jumatano. Yeye hana amplifaya, hulipigia barazani, na jirani zake wamezoea kukaa karibu.